Kawa ya Chumba cha Picha

Mimi Ziada sikuipenda ile mashine tangu siku iliyoingia, na msitarajie niseme vingine. Ililetwa hospitalini kwetu hapa Ujiji ndani ya begi la mgongoni la bwana mmoja aitwaye Davis, mtu wa Dar es Salaam, mwenye viatu vyeupe ambavyo vumbi la Gungu lilikuwa bado halijavitia adabu. Kwa kuitazama ilikuwa kompyuta tu. Lakini ndani yake, Davis alituambia, kuna akili mnemba: mimi napiga picha ya kifua, picha inaingia humo, na kabla sijameza mate inatoa rangi. Kijani, kifua kizima. Nyekundu, huenda ni kifua kikuu.

"Na mimi nibaki na kazi gani?" nikamuuliza mbele ya watu.

"Dada, wewe utaendelea kupiga picha."

"Na ikishajifunza kupiga?"

Akacheka. Mtu akilichekea swali la riziki yako, jua jibu analo na halitakupendeza.

Tukaipa jina Shemeji. Ilikuja kwetu bila kualikwa, inakula umeme wetu, imepewa chumba chenye feni, na hakuna anayethubutu kuifukuza maana imeletwa na mkubwa. Mkubwa mwenyewe ni Dokta Gasper, mganga mfawidhi, aliyehamishiwa kwetu kutoka Kilimanjaro na mpaka leo hajapatana na mawese yetu. Melania, muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu, alisema Shemeji anatuchunguza: nani kachelewa, nani kasinzia, yote yanakwenda kwa wakubwa. Sikumwamini sana, lakini kila nilipokunywa chai chumbani nilikuwa naifunika ile mashine kwa kanga kwanza.

Mpinzani mkubwa kuliko sote alikuwa Eliudi. Huyu ni tabibu wa wagonjwa wa nje, Muha wa Kasulu, mzee wa kanisa, na mdomo anao. Akiingia kazini anasalimia kwa Kiha, "Mwakeye!", mpaka walio wodini wanaamka. Tumefanya kazi pamoja miaka, tunataniana kama watoto wa nyumba moja. Yeye ndiye aliyesema kwenye kikao, mbele ya Dokta Gasper, kwamba mashine isiyoumwa haiwezi kumjua mgonjwa. Tulimpigia makofi, na Dokta Gasper akakunja uso.

Sasa niwaeleze kuhusu kawa, maana bila kawa hamtaelewa kitu.

Watu wetu huku, Waislamu kwa Wakristo, wengi wana kitu chini ya nguo. Mwingine ana hirizi begani, mwingine kifuani, mwingine ana kifundo cha dawa alichofungwa na bibi yake tangu utotoni. Ukimwuliza, "Una hirizi?" atakuapia kwamba hana, na huku uzi unaonekana shingoni. Si uongo, ni aibu. Na hirizi ikibaki kifuani inatoa kivuli kwenye picha. Basi mimi niliweka kikapu nyuma ya pazia, na juu yake kawa ya marehemu mama yangu, ile ya ukili ya kufunikia chakula. Mgonjwa akiingia namwambia: "Vua shati, na chochote kinachozuia picha kiweke kikapuni, ufunike na kawa. Mimi naangalia ukuta." Na kweli naangalia ukuta. Sijawahi kuinua kawa ile kuona kilichomo, sijawahi kuuliza. Funika kombe mwanaharamu apite. Picha zangu zilikuwa zinatoka safi, na watu wanarudi makwao na heshima zao.

Davis alipoiona kawa, akaishika kwa vidole viwili.

"Hii inakaa na vumbi, dada. Na pazia linachelewesha foleni. Mtu aingie na fulana yake nyepesi, apigwe, atoke. Fulana haina shida."

Nilifungua mdomo nimweleze. Eliudi alikuwa amesimama hapo, akanikanyaga mguu. Tulipotoka nje akaniambia, "Usimwambie. Amejifanya mjuaji, mwache Shemeji wake ajikwae. Ikianza kuita hirizi kifua kikuu, wataibeba wenyewe wairudishe Dar."

"Na wagonjwa?"

"Wagonjwa tutawarekebisha wewe na mimi, kimyakimya."

Nikacheka. Nikaichukua kawa ya mama nikaenda nayo nyumbani Buzebazeba, nikaitundika jikoni. Nilinyamaza, na wala sitasema nililazimishwa. Nilikuwa nataka ile mashine iaibike.

Na iliaibika. Akaja Mzee Anatoli, mvuvi wa Ilagala, kifua chake hata ng'ombe angekionea wivu. Shemeji: nyekundu! Davis akatuita sote tuone. Nilitazama ile picha, nikaona pembe nne za hirizi zilizoshonwa, nikauma midomo nisicheke. Makohozi yakapimwa, safi. Davis alipokwenda kula, nikamrudisha mzee, nikampa kanga ajifunike avue kilicho kifuani, nami nikaangalia ukuta kama desturi yangu, na picha ya pili ikatoka kijani. Eliudi aliisimulia habari hiyo chumba cha chai wiki nzima, anaigiza Davis anavyoshika miwani, mpaka Melania akamwagikiwa na chai. Tulifurahi, wallahi. Tulikuwa na siri yetu na siri ilikuwa tamu.

Halafu ikaja siku ya wageni. Dokta Gasper alitangaza kwamba wakubwa wa mkoa wanakuja kuiona mashine, na ili waone kwamba tunaiamini, wafanyakazi wote watapigwa picha mbele yao. Mstari mmoja, fulana nyepesi, hakuna pazia.

Eliudi siku hizo alikuwa na kikohozi. Mwenyewe alikilaumu kiangazi na moshi wa jirani yake anayekausha samaki wa migebuka. Alipoona mstari unamkaribia akajaribu kuchomoka.

"Dokta, nimeacha wagonjwa."

"Wagonjwa watasubiri," Dokta Gasper akasema kwa sauti ya kusikika na wageni. "Au unaiogopa, Eliudi? Wewe si uliyesema haijui kitu?"

Watu wakacheka. Eliudi akaingia. Nilimsimamisha, nikamwekea mabega sawa kama ninavyomwekea kila mtu, nikahisi fulana yake imelowa jasho. Hakunitazama. Nikapiga.

Nyekundu.

 Mimi nikatazama picha, nikashtuka, si kwa ugonjwa, bali kwa kile nilichokiona. Chini ya mfupa wa bega la kushoto, kidude cha mraba, pembe zake zimeshonwa. Yarabi! Mzee wa kanisa! Tabibu anayewacheka wenzake chumba cha chai! Nikainua macho, tukatazamana. Macho yake yalikuwa yananiomba. Nami ningesema nini mbele ya wakubwa wa mkoa? Kwamba ana hirizi? Sitara ni sitara. Nikainamisha kichwa.

Makohozi yake yalipimwa yakatoka safi. Lakini kikohozi kipo, picha nyekundu ipo, na Dokta Gasper akaamua: aanze dawa za kifua kikuu, akae nyumbani, na mtoto wake mchanga apewe dawa za kinga. Nilitegemea Eliudi apige kelele mpaka watu wa mtaa wa Mwanga wasikie. Akaitikia, "Sawa, Dokta," akachukua dawa zake akaondoka.

Hospitali nzima ikachemka. "Wamemfanyia makusudi," Melania alisema, sauti chini, mlango umefungwa. "Alimsema vibaya Shemeji, sasa Shemeji kamsema yeye. Kesho ni mimi au wewe." Watu wakaanza kukwepa kile chumba. Mhudumu mmoja alikuwa akipita mlangoni anaziba kifua kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyejua. Mtu mzima anameza dawa kali za miezi, ini lake linachoka, kwa sababu ya kitambaa na uzi! Na katoto nako! Kila nilipomfikiria yule mtoto nilikosa hamu ya chakula.

Siku moja baada ya kazi nikapanda bodaboda mpaka kwake Gungu. Mkewe, Leonia, alinikaribisha, mtoto mgongoni. Mtoto jina lake Bariki, hajaanza hata kutambaa. Kabla yake Leonia alizaa wawili, na wote wawili aliwazika kabla hawajasimama. Mimi nilikuwepo kwenye misiba yote miwili, kwa hiyo nyumba ile huwa siingii na maneno makubwa.

Eliudi alikuwa amejilaza kwenye mkeka barazani. Alipoketi, Leonia akampa mtoto. Katoto kakamlalia babake kifuani, kakaingiza mkono shingoni mwa fulana, kakashika kitu mle ndani, kakafumba macho.

"Eliudi," nikasema, "mimi na wewe tunajua kilichoko kwenye ile picha."

Akacheka kicheko cha mtu aliyefumaniwa. "Mama yangu aliileta kutoka Kasulu Bariki alipozaliwa. Baba aivae mpaka mtoto atembee. Nilikataa, da Ziada. Nilimwambia mama mimi ni mzee wa kanisa. Leonia akanipigia magoti, hapo ulipokaa wewe. Ungekuwa wewe ungekataa?"

"Nisingekataa."

"Kanisani wakijua wananivua uzee. Hospitalini nitakuwa kichekesho, mimi niliyemcheka Mzee Anatoli. Nikaona bora niitwe mgonjwa."

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," nikamwambia. "Tungemwambia Davis habari ya kawa, haya yasingekufika."

"Nisute tu, nimestahili."

"Na dawa? Unazimeza?"

"Nizimeze kwa ugonjwa upi? Natupa chooni. Na za Bariki nimemwambia Leonia amwage. Mtoto wangu ale dawa kwa ajili ya kitambaa? Thubutu!"

Leonia alikuwa anakuna muhogo pale mlangoni. Hakuinua uso.

Mimi roho ilinitulia. Kumbe hakuna anayeumia! Nikawaza haraka, na lililonijia lilinifurahisha mno. "Jumapili ukitoka ibadani pitia hospitali. Nitarudisha kawa. Tunapiga picha upya, inatoka safi, nampelekea Dokta Gasper. Nitasema ile ya kwanza ulitikisika. Wewe unarudi kazini, siri yako imebaki kwangu, na Shemeji anapanda basi la Dar."

Eliudi alicheka kweli safari hii, akakohoa, akacheka tena. Mtoto akaamka, akalia, akabembelezwa hapohapo kifuani.

Jumapili ilikuwa ya jua kali, upepo wa ziwani hakuna, hospitali imetulia. Niliifuta kawa ya mama nikaiweka juu ya kikapu, nikafunga pazia. Eliudi akaja na suti yake ya kanisani.

"Unajua kazi," nikamwambia. "Mimi naangalia ukuta."

Nikasikia vifungo, nikasikia kitu chepesi kikiangukia kikapuni, nikasikia kawa inafunikwa. Akasimama kifua wazi. Nikapiga, akarudi nyuma ya pazia kuvaa. Picha ikaja: kile cha mraba hakipo. Nikaanza kusema "Alhamdu..." na sikumaliza. Shemeji alikuwa ameshatoa rangi.

Nyekundu.

"Mwehu wewe!" nikaitukana kwa sauti. Nikaizima, nikaiwasha, nikairudishia picha ileile. Nyekundu. Nikasema moyoni, Melania alisema kweli, hii kitu imeshalikamata jina la Eliudi, haimwachii. Nikaamua kuisoma picha mwenyewe kwa macho yangu, mbavu kwa mbavu, ili nikaigombeze mbele ya Dokta Gasper nikiwa na hoja mkononi.

Nikaiona. Juu kabisa, chini ya mfupa wa bega la kushoto, ukungu, na ndani ya ukungu katundu, alama ya kifua kikuu.  Nikaitoa ile picha ya kwanza, ya siku ya wageni, nikaziweka pamoja. Ulikuwepo. Ukungu uleule ulikuwa unachungulia juu ya hirizi, wazi, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeuona. Mimi nilipoiona hirizi nilifurahi, na nilipofurahi niliacha kutazama. Nilikuwa nimeshajua Shemeji kakosea, kwa hiyo nilitafuta pale alipokosea nikaishia hapo.

"Da Ziada!" Eliudi aliita nyuma ya pazia, sauti ya mtu anayetabasamu. "Kijani eeh? Nije nimwone Shemeji anavyoaga?"

 Akatoka, shati nusu halijafungwa, bado anacheka. Akanitazama, akatazama picha. Tabibu haelezwi. Nilimwona anatembeza macho kutoka chini kwenda juu, taratibu, mpaka yakafika pale, yakabaki pale.

"Makohozi yalikuwa safi," akasema.

"Mwanzoni huwa safi, Eliudi. Wewe ndiye unayewafundisha wanafunzi hivyo."

"Ndiyo." Akaweka kiganja kifuani, upande wa kushoto. "Bariki analala hapa. Kila siku analala hapa, anaishika ile hirizi ndipo apate usingizi."

Nililia. Sitaficha, nililia kwa sauti, maana nilimwona tena yule mtoto barazani, pua yake kwenye fulana ya babake, nami nimekaa pale nacheka, napanga safari ya Shemeji. Eliudi hakulia. Alivaa barakoa kutoka kwenye boksi langu, akatoa simu, akakosea namba, akapiga tena.

"Leonia. Mtoto yuko wapi?" Simu yake ina sauti kubwa, nilisikia yote. "Mlete hospitali. Hapana, sasa hivi, usingoje jua lipoe. Leonia, nisikilize, mimi ninaumwa. Ni kweli ninaumwa. Zile dawa za mtoto nilizokwambia umwage..." Sauti ikamkatika. Akajaribu tena. "Ulizimwaga zote?"

 Kwenye simu nikasikia kuku wa pale uani kwao, nikasikia pikipiki inapita.

"Sikumwaga," Leonia akasema.

"Nini?"

"Sikumwaga hata moja, baba Bariki. Nilikuwa nampa ukitoka. Nimewazika wawili, mimi. Ukiniletea hirizi navaa, ukiniletea dawa nampa, mchungaji akija na mafuta napaka. Sijui kipi ni kipi. Niliogopa kumwaga."

Eliudi alikaa chini sakafuni na suti yake ya kanisani, akaziba uso. Mgongo wake ulikuwa unatikisika. Mimi nikampigia Melania simu aje, Jumapili au si Jumapili. Na nikiwa nimesimama pale nikaazimia kesho yake nimweleze Davis habari ya kawa, yote, bila kutaja jina la mtu. Nilimweleza. Aliniuliza kwa nini tulimficha, nikamjibu kwamba tulitaka aanguke. Hakucheka safari hiyo, akaenda mwenyewe kutundika pazia. Nami mpaka leo Shemeji simwamini, namkagua kila rangi anayotoa. Tofauti ni kwamba sasa na mimi najikagua.

Jumapili ileile Leonia alifika na bodaboda, mtoto kamfunga kifuani, jasho linamtiririka. Melania akamchukua Bariki akamsikiliza kifua, akampima uzito, akamgeuza huku na huku, mtoto anacheka tu anamvuta Melania kofia. Melania alisema bado atamfuatilia, lakini kwa siku hiyo haoni baya.  Leonia akaja kwenye chumba changu, mumewe bado yuko sakafuni, akaniuliza, "Iko wapi?"

Nikaonesha pazia, nikageukia ukuta. Nikasikia kawa inainuliwa. Nilipogeuka alikuwa amepiga magoti mbele ya Eliudi, anamfunga ile hirizi shingoni kwa mikono yake, anakaza uzi.

"Hii utaivaa mpaka atembee," akamwambia. Kisha akafungua kanga kiunoni, akatoa paketi ya dawa, zile zilizosalia ambazo Eliudi alikuwa hajapata kuzitupa. "Na hizi utameza sasa, mbele yangu, mbele ya da Ziada, na mbele ya hiyo mashine."

Nikaenda kuchota maji.